Tuliona kitu angani Kolwezi, nikalazimika kukikana mbele ya mama

Wakuu, salaam kutoka Kolwezi. Hili nimeliona kwa macho yangu, sikusimuliwa na mtu. Asiyeamini ruksa, nimeshazoea.

Mimi ni rubani msaidizi kwenye kindege cha mizigo. Sio zile ndege mnazopigia selfie. Yetu ina viti viwili mbele, na nyuma ni vipuri vya mgodi, trei za mayai, siku nyingine jeneza.

Asubuhi moja, saa tatu hivi, tunarudi kutoka Lubumbashi. Anga safi. Tumeanza kushuka, mashimo ya mgodi wa Mashamba yanaonekana pembeni, mara kapiteni akanyoosha kidole.

Mbele yetu kulikuwa na kitu.

Kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga. Hakina mabawa, hakina moshi, kimesimama tuli. Msiniambie puto, upepo ulikuwepo na puto lingepeperuka.

Kapiteni akauliza mnara wa kuongozea ndege kama kuna mwenzetu eneo lile. Wakasema hakuna. Nikatoa simu nikarekodi sekunde kumi na moja. Kisha kikapanda juu kwa kasi ambayo mpaka leo sina neno lake.

Tulipotua kapiteni akaandika ripoti. Akasaini, nami nikasaini kama shahidi. Huyu ni mzee wa kanisa, pombe haijui hata harufu. Mimi kiherehere kikanituma kutupia video kwenye kundi la familia, kufika jioni ilishazagaa mtaani.

Sasa kwingine duniani watu wangeuliza kile ni nini, kimetoka wapi. Kwetu hakuna hata mmoja aliyeuliza hilo. Mtaa wetu wa Kasulo watu wamechimba madini ya kobalti mpaka chini ya vitanda vyao. Swali likawa moja tu: kilisimama juu ya nyumba ya nani?

Wakakuza picha. Nyuma ya kile kitu, chini kabisa, wakatambua bati lenye kiraka cha buluu.

Nyumba ya mama yangu.

Mama ni mjane, na nyumba ile ndiyo pekee baba aliyomwachia. Kesho yake nilimkuta amekaa mlangoni kama askari. Uani wachimbaji sita, kamba na mitaimbo. Shefu, yaani mwenyekiti wa mtaa, naye yupo, eti kaja kulinda amani, ila kavaa mabuti ya kushukia shimoni.

"Mama, ile kitu ilikuya kupima madini," kiongozi wao akamwambia kwa heshima zote. "Bitu bya juu habisimamake bure. Tuchimbe shiye kwanza, kampani ya mgodi isikuye kukufukuza."

Nikajitosa. Nikawaeleza kwamba kitu kilikuwa karibu na ndege, nyumba iko mbali nyuma yake. Weka kidole mbele ya jicho kitafunika kilima, haimaanishi kimekikalia.

"Pilote, tunakusikia," akasema. "Ni weye njo unataka kuchimba peke yako."

Kila nilipoongeza sayansi, watu waliongezeka. Jirani mmoja akaanza kupima uwanja kwa hatua.

Mama akanishika mkono. "Mutoto yangu, nyumba ikianguka, mi nitaenda wapi?"

Hakuwa anatia chumvi, wakuu. Nyumba ya tatu kutoka kwake ilishazama mvua zilizopita, kwa mashimo hayo hayo.

Basi nikapaza sauti. "Ile video si ya kweli. Mi niliitengeneza na telefone, nilitaka babinti baniangalie."

 Kikalipuka kicheko cha mtaa mzima. Ukweli nilioupigania saa nzima ukagoma kuingia, uongo ukamezwa bila maji. Wakakunja kamba. Shefu akanifokea kwa kuwapotezea watu muda wao.

Habari ikanitangulia uwanja wa ndege. Kapiteni akaitwa kupimwa pombe. Aliporudi aliniambia neno moja tu: "Weye pia ulikiona." Nikajifanya nasoma orodha ya mizigo. Tangu hapo tunaruka pamoja na maongezi yetu ni ya kazi tu. Hilo linaniuma kuliko mnavyodhani.

Nilichojifunza: ukiona maajabu angani, kabla ya kurekodi angalia kwanza nani anaishi chini yake.

Jumapili nikaenda kwa mama, nimekusudia kumwambia ukweli. Nikakuta sebule imejaa akina mama wa kikundi cha sala. Nikawaza: nikimwambia yeye, watajua wote, na kesho wale jamaa wamerudi na kamba zao.

"Njo huyu mutoto yangu wa uongo," mama akawaambia akininyooshea kidole, machozi yanamtoka. "Mumuombee."

Nikapiga magoti katikati ya sakafu ile nzima isiyo na shimo. Wakaniwekea mikono kichwani, wakaomba niache uongo.

Nikasema amina.

Haya wakuu, mwenye lake la angani alimwage hapa. Na mwenye njia ya kupatana tena na kapiteni anisaidie, hiyo ndiyo naitaka zaidi.