Mkono wa Kulia wa Shati

Kabla hajaitwa msanii, aliitwa Mabango. Aliandika vibao vya vinyozi na vya mafundi cherehani, herufi zimesimama wima utadhani zimepangwa na rula. Fundi aliyemlea kazini alimfundisha jambo moja kabla ya yote: brashi huchongwa kwa ulimi. Unailamba, ncha inakaa kama sindano, ndipo unashusha mstari. Jioni alirudi nyumbani midomo ina rangi, na mama yake akamtania, "Leo umekula kibao cha nani?"

Vibao vya plastiki vilipoingia, kazi ikakauka. Mabango akahamia kwenye turubai, lakini rangi hakubadilisha. Alishikilia zile nzito za makopo ya zamani alizoachiwa na fundi wake. Za siku hizi, alisema, ni maji matupu. Akawa anachora kitu kimoja tu, nguo zilizoanikwa kambani. Mashati meupe yasiyo na mtu ndani, na katika kila shati mkono wa kulia umening'inia chini kuliko wa kushoto, mzito, unachuruzika.

Watu wakaanza kumjua. Siku ya maonyesho mama alijibanza karibu na mlango wa ukumbi, viatu vinambana, masikio yamesimama. Bwana mmoja mwenye miwani alieleza kwamba mkono ule ni jasho la wanyonge. Bibi mmoja akasema hapana, ni wale waliotutoka.

"Inawezekana," Mabango akawajibu wote wawili. Akaletewa glasi ya soda. Akaipokea kwa kushoto.

Mama akaona. Mwanawe hakuwa mtu wa kushoto. Alimkumbuka yule fundi, jinsi alivyomaliza siku zake viganja vimelegea kama vitambaa, akilishwa uji na mkewe. Akayatazama mashati ukutani, moja baada ya jingine, kila mkono wa kulia umelegea.

Walipofika nyumbani mama hakungoja hata mwanawe avue koti.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini, mama?"

"Usinizungushe. Nyoosha kiganja."

Kiganja kilining'inia pale pale.

"Ulijua?"

"Nilimwona fundi alivyokwisha. Kukwambia sikuweza. Nikachora."

Hospitali walisema ni sumu ya madini ya risasi, imo kwenye zile rangi, na ameila miaka yote. Dawa ipo, ila kwanza aache kulamba. "Asipoacha," daktari alimwambia mama pembeni, "haitaishia mkononi."

Mabango akaapa. Makopo ya zamani hakuyatupa, na mama kiapo hakukiamini. Kila jioni alimwamuru atoe ulimi kama mtoto mwenye homa. Ulikuwa mwekundu kwa rangi. Basi akazipaka brashi shubiri. Kesho yake akamsikia akitema mate chumbani.

"Mama! Unaniachisha ziwa na mvi zote hizi?"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Jioni ile ulimi ulikuwa wa buluu. Alilamba na shubiri yake.

"Unataka nikuzike?" mama akamuuliza.

"Bila ulimi mstari hautoki. Nikikosa mstari, mimi ni nani?"

Mama akatoka. Alifunga mlango wa chumba kile taratibu, akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Kisha mkono ukakataa kabisa. Picha iliyokuwa ukutani ilikuwa na mashati yake yote, imebaki kamba ya kuyashika. Mabango akamwita. "Nishike hapa."

Mama akasimama nyuma yake, akamkamata kifundo cha mkono. Brashi ikachovya rangi, ncha yake ikatawanyika. Mkono ukaanza kupanda kuelekea mdomoni, na mama akashtuka: nguvu iliyoupandisha ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa anamlisha. Akausimamisha hewani.

"Mara moja tu, mama."

"Hapana."

"Utaniharibia picha."

"Nitakuharibia."

Akaushusha mpaka kwenye turubai, akausukuma. Mstari ukatoka mnene, umepinda, umevuja pembeni. Wakautazama.

"Mbaya," Mabango akasema.

"Mbaya kweli," mama akakubali. Hakumwachia. "Haya, baba. Chovya tena."