Viazi Juu ya Karoti

Mji mzima wa Soni ulimwita Afande. Rubeni alikuwa mgambo tu wa sokoni, lakini cheti chake cha mafunzo alikitia kwenye fremu, na kila aliyemuuliza kwao ni wapi alijibiwa, "Tanga mjini. Mzee alikuwa mwanajeshi." Kumbe mama yake mzazi, Yudith, alikuwa akiosha karoti pale pale mtoni, chini ya soko. Rubeni alishamwagiza: wakikutana mbele za watu, asimsogelee, na amwite Afande kama wengine. Mama akakubali. Mtoto akishakuwa mkubwa, utamfanyaje?

Siku ya soko, asubuhi, ukelele ukapanda. "Mwizi! Gunia langu hilo!" Ni Hashimu, dalali wa karoti. Rubeni alipofika, aliyekuwa chini, kando ya gunia alilobeba, ni Stephano, mdogo wake. Jiwe limempasua paji la uso, damu imemziba macho, na mtu anamkanyaga mkono akitaka uvunjike. Mwingine anakuja akibingirisha tairi.

Rubeni akapuliza filimbi. "Tawanyikeni! Mnajua mimi ni nani?"

"Afande wa mchicha!" wakamcheka. Rungu lake likanyakuliwa, likamrudia mwenyewe mbavuni. Akaanguka, akasikia kitu kimevunjika ndani. Petroli ilishaanza kunuka.

Akatambaa, akamlalia Stephano mwili mzima.

"Ni mdogo wangu! Tumbo moja!"

"Si wa Tanga wewe?"

"Mimi wa huku huku, kijijini Mlola! Mama yetu ni Yudith, anayeosha karoti hapo chini! Fungueni gunia. Chini ya nyasi zilizofunika karoti mtakuta viazi vitamu kwenye jani la mgomba, ndicho chakula mama anachomfungia. Hata mimi alinifungia hivyo hivyo nilipokuwa nabeba magunia."

Kisu kikakata kamba. Nyasi zikatolewa. Viazi viwili, jani bado lina joto.

Hashimu akatazama pembeni. "Magunia yanafanana, jamani." Aliyeshika kidumu cha petroli akakificha mgongoni. Lakini jiwe moja lilikuwa limesharushwa. Likamng'oa Rubeni meno ya mbele.

Mama akapasua umati, miguu imejaa tope la mtoni. Akawaona wote wawili. Akasimama mbali kidogo, kama alivyoagizwa.

"Afande," akaita, "mwanangu mzima?"

Rubeni akatema damu.

"Shikamoo, mama. Wanao wote wawili wazima. Njoo umshike huyu kichwa."