Baba Hataki Kuanzisha Mji wa Pili

Baba alikuja Kisumu kwa sababu ya goti. Alikuwa amefanya kazi kwenye feri ya Luanda Kotieno tangu ujana wake, kupanga magari na kufunga kamba, hata goti likakataa. Daktari akataka akae karibu na hospitali mpaka mazoezi yaishe. Basi akakaa kwangu, mtaa wa Migosi, mguu juu ya stuli, akilalamika kwamba chai ya mjini ni maji yaliyopakwa rangi.

Mimi nilikuwa na gemu kwenye laptopu ambayo mke wangu aliiita mke mwenzake. Ni gemu ya historia. Unapewa watu wachache na kipande cha nchi, zama za mawe, ukungu umekuzunguka kila upande, na kazi yako ni kuwafikisha watu hao mpaka zama zetu hizi. Mnacheza kwa zamu: unapanga mambo yako yote, unabonyeza kitufe, kisha wafalme majirani, ambao ni kompyuta yenyewe, wanafanya yao.

Jumamosi moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta baba ameivuta meza, miwani puani, anaikazia macho ile laptopu.

"Hii kitu mbona haisongi?"

"Ni mchezo, baba. Inakungoja wewe uamue."

"Inangoja mtu amalize kufikiri?" Uso ukamng'aa. "Basi hii ina adabu kuwashinda nyinyi wote."

Tangu siku hiyo sikuishika tena. Haki ya Mungu, gemu yangu mwenyewe! Nikitaka kucheza, naambiwa nisubiri mzee amalize zamu yake, na zamu ya baba ilikuwa na urefu wa ibada ya Jumapili.

Lakini alicheza vizuri kwa namna yake. Mji mkuu aliuweka kando ya ziwa kwa sababu aliona samaki wamechorwa majini. Kutengeneza panga alikataa kabisa. Nikimwonyesha mfalme jirani asiye na jeshi, anauliza, "Huyu amenikosea nini?" Ila majambazi walipomwibia ng'ombe, alisimama na lile goti lake bovu akawatukana kwa Dholuo, lugha yetu, hadi mke wangu akatoka jikoni. Na kila mpelelezi wake alipopanda kilima na ukungu ukafunguka, alisema "Kumbe!" kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nakimbilia ushindi tu. Sikuwahi kuona kwamba wale watu wadogo wanalima kweli, na mitumbwi yao inacheza ufukweni. Nilianza kupenda kukaa naye kwenye kochi, nikitazama tu.

Shida ikaja kwenye misafara. Katika gemu hiyo, ukitaka mji mpya, unatoa kundi la watu mjini, unalitembeza hadi mahali pazuri, unaliamuru lijenge. Msafara wake wa kwanza baba aliuvusha mlangobahari ukaone nchi. Mfalme wa huko akanuna, akafunga mipaka, msafara ukakwama kwenye kona ya mawe. Kurudi hauwezi, kujenga hauruhusiwi. Ukatoka msafara wa pili. Huu aliufikisha mahali pa kutamanisha, penye mto na malisho, kisha akauketisha kwenye nyasi.

"Waambie wajenge, baba."

"Hapana. Mkubwa wao hajajenga."

"Ala! Baba, hii ni gemu!"

"Kwani hawa si wa boma moja?"

Mtu wa kwetu angemwelewa mara moja. Kwetu wana hujenga ndani ya boma la baba kwa kufuatana. Kifungua mimba upande wa kulia wa lango, anayemfuata upande wa kushoto, na mdogo hamruki mkubwa. Mimi ni wa pili. Kaka yangu alikwenda Mombasa kutafuta kazi tukiwa vijana. Mwanzo alikuwa akipiga simu, halafu simu ikazimwa, na hakuna aliyetuambia kama yuko hai au la. Hakujenga. Kwa hiyo na mimi sijajenga. Mimi, mwenye ndevu zilizoanza mvi, muuza mabati katika duka la mjini, niliyewaezekea watu nusu ya Kisian, nikienda nyumbani na mke na watoto tunaomba pa kulala kwa jirani, maana kwetu mwana aliyeoa halali nyumbani mwa baba yake. Na mwanamume asiye na nyumba kwao, siku akifa, jeneza lake litalala mlangoni pa nani? Wazee walishatoa njia: kaka asimamishiwe kibanda cha jina tu upande wake, kisha mimi nijenge. Baba alikataa kila mara. Alisema hilo hufanyiwa marehemu.

Zamu zikaenda. Majirani wakajaza nchi nzima kwa miji, msafara wa pili umekaa tu kwenye nyasi, na kompyuta yenyewe ikawa inamwekea alama nyekundu kumkumbusha. Nikachemka.

"Baba, utashindwa!"

"Basi nishindwe."

"Na hawa je? Hawa wamekosa nini? Wangoje mpaka wafie hapo kwenye nyasi?"

Hatukuwa tena kwenye gemu, na wote wawili tulijua. Baba alivua miwani akaifuta kwa shati, muda mrefu.

"Wuoda," akasema. Anaponiita hivyo, mwanangu, kwa lugha yetu, najua hana ugomvi. "Nikiwaambia hawa wajenge, nimesema yule harudi. Mdomo wangu hauwezi."

Hasira yote ikaniishia. Nilimpenda mzee yule, nikaenda kumwekea chai, yenye maziwa mengi.

Kesho yake niliporudi kutoka dukani, nilikuta ameifilisi nchi yake. Ng'ombe, samaki, dhahabu, kila kitu alikuwa amempelekea yule mfalme aliyenuna kama zawadi, zamu baada ya zamu, mpaka akafungua mipaka. Nilidhani atauita msafara wa kwanza urudi. Wapi! Aliuamuru ujenge palepale ulipokwama, juu ya mawe, hakuna maji, hakuna hata nyasi.

"Baba, huu ni mji gani sasa?"

"Ni wake. Si lazima uwe mzuri." Kisha akauvuta mshale wa kwenye skrini mpaka kwa wale waliokaa. "Haya, sasa nyinyi. Inukeni."

Mji ukasimama kando ya mto, na ngoma zikalia kwenye laptopu. Gemu yenyewe alishindwa vibaya. Jirani mmoja alirusha roketi wakati watu wa baba bado wanajifunza kufinyanga vyungu. Alicheka hadi akakohoa. Halafu, bila kunitazama, akauliza, "Pale dukani kwenu, mabati ya nyumba mbili yanapatikana?"

Mazoezi yalipoisha tulirudi naye nyumbani, tukaanza na ya kaka, upande wa kulia wa lango. Mimi nilikusudia nguzo nne na bati, kazi ya asubuhi moja, tumalize. Baba akaja na mkongojo wake.

"Dirisha liko wapi?"

"Baba, si tulisema ni kibanda cha jina?"

"Nani alisema? Wewe uliwahi kulala kwenye jina?"

Basi nikaweka dirisha linalotazama ziwa, na mlango wenye kufuli. Ndipo nikajenga yangu, upande wa kushoto. Siku ya kwanza kulala ndani, mke wangu aliimba akifagia, na watoto wakagombania chumba.

Ufunguo wa kaka anakaa nao baba, kwenye mfuko wa shati. Safari hii tulipokwenda nyumbani nilichungulia dirishani nikaona kitanda kimetandikwa, na neti mpya ya mbu imefungwa juu yake. Nilichukua fyekeo nikakata nyasi, mlangoni pa kaka kwanza, kisha pangu.