Mshale Niliokataa Kuuchora

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alinipa koti jeupe lililonizidi mikono, ufunguo wa kabati na onyo moja. Nilikuwa nimetoka kwetu Miono na cheti changu cha ufundi umeme. Chuo kikuu, hadi siku hiyo, nilikuwa nakiona kutokea getini tu. Akanionyesha mita ya kupimia umeme, ile ya zamani yenye sindano.

"Binti, hii ukiiunga kinyume, sindano inarudi nyuma na kupinda. Ikipinda, na wewe unarudi Miono."

Neno hilo nililishika miaka ishirini. Kazi yangu ilikuwa kuwagawia wanafunzi wa uhandisi nyaya, betri na rezista, vile vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi vinavyoubana umeme usipite wote kwa mkupuo. Hakuna aliyewasha saketi yake kabla sijakagua chanya na hasi. Kijana mmoja mwembamba, mwenye haraka, aliwahi kuniunguzia mita mbili kwa wiki moja. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamshauri akasomee sheria.

Hakwenda kusomea sheria. Alikwenda ng'ambo, akarudi na shahada ya uzamivu, akapewa kufundisha uchambuzi wa saketi. Na mwaka huohuo Mkuu wa Idara aliniruhusu mimi, mama mtu mzima, nijiunge na shahada. Sharti lilikuwa moja: nikifeli somo mara mbili, nafasi inakwisha, narudi kwenye kabati langu mpaka kustaafu.

Kipindi cha kwanza Mhadhiri huyo alinikuta kiti cha mbele. Akasimama mlangoni, chaki mkononi, akasema, "Shikamoo, mama." Darasa zima likageuka kunitazama. Nikaitikia marahaba, kisha nikakumbuka kuwa mimi ndiye mwanafunzi, nikainuka kumsalimia mwalimu wangu.

Uchambuzi wa saketi, kwa wasioujua, ni hivi: unapewa mchoro wa betri na rezista zilizounganishwa huku na huku, useme kila waya unapitisha mkondo kiasi gani, bila kugusa kitu. Kanuni zenyewe ni mbili. Mkondo unaoingia kwenye kiungo lazima utoke wote. Na ukizunguka kitanzi hadi ulipoanzia, volti ulizopanda ni sawa na ulizoshuka. Lakini kabla ya kuandika hesabu yoyote unachora mshale kuonyesha mkondo unaelekea wapi, na hapo ndipo niliposhindwa.

Mtihani ulileta betri mbili zinazopingana. Sikujua ipi ingeizidi nyingine nguvu, nikakataa kuchora mshale mpaka nipate hakika. Niliigeuza karatasi, nikafumba macho, nikajiona maabara mbele ya meza yangu. Wapi. Muda uliisha karatasi ikiwa na namba yangu ya mtihani na mchoro uliopigwa rula vizuri kuliko wa mwalimu.

Mhadhiri aliniita ofisini, akanikabidhi karatasi kwa mikono miwili kama anayetoa rambirambi. Alama kumi na nne kati ya mia, zote za mchoro. Akaniuliza kwa upole kwa nini sikuweka mishale. Nikamwambia sikujua mkondo unaelekea wapi, na mtu mzima hachori asichokijua.

"Mama, hakuna anayejua. Unakisia tu."

"Na nikikosea?"

"Jibu litatoka hasi. Maana yake mkondo unakwenda upande wa pili. Hesabu yenyewe inakurekebisha, wala haikugombezi."

Nikamuuliza kama ana hakika hakuna kitakachoungua. Akajibu kwamba kwenye karatasi hakijawahi kuungua kitu, na katika mambo ya kuunguza yeye ni mtaalamu. Tulicheka mpaka jirani yake akagonga ukuta.

Nyumbani Mapinga, kila baada ya swala ya alfajiri, nilichora mishale. Ya kwanza niliichora kwa penseli, kifutio kikiwa tayari. Siku moja nikapata jibu hasi, nikaenda nalo maabara, nikaiunga saketi ileile. Kwa mara ya kwanza maishani nikaweka mita kinyume kwa makusudi, kufuata mshale wangu. Ilikuwa ya tarakimu, haina sindano. Ikaandika namba ileile, na kialama cha kutoa mbele yake. Nikaiacha hivyo, nikavuta kiti, nikakaa kuitazama. Mwenzangu wa maabara akapita, akanong'ona kwamba nimeunga kinyume. Nikamwambia najua, na machozi yalikuwa karibu.

Mtihani wa marudio nilipata hamsini na tisa. Shahada ikafuata, na miaka yangu ya mwisho kazini niliwafundisha wa mwaka wa kwanza. Waliogoma kuchora mshale niliwatambua kwa macho tu, nikawasogelea mapema.

Sasa nimestaafu, na majirani wananiita Injinia. Juzi mmoja aliniletea pasi isiyopata moto. Nilichora saketi yake, mishale na yote, nikakisia, nikaifungua, nikaunga waya uliokatika, nikaichomeka. Baridi. Nikachora ukurasa wa pili. Jirani alisubiri kwa adabu mpaka nilipofika wa tatu, ndipo akaniomba radhi na kuniuliza kama nyumbani mwangu umeme upo.

Umeme wa Luku yangu ulikuwa umeisha tangu asubuhi.