Mpishi wa Zoria Aliyeahidi Kubaki

Saa kumi na moja alfajiri, Nenita Dumlao anamenya bitiruti katika jiko la nyumba ya wazee ya Zoria, mkoani Manitoba, Kanada, mikono myekundu hadi viwikoni kama mtu aliyetoka kuchinja.

"Manitoba nzima hakuna anayepika supu hii kunizidi," anasema. Anachukua bitiruti nyingine, kisha anacheka. "Ila mara ya kwanza wazee wanne waliirudisha. Wa tano hakuirudisha kwa sababu alikuwa amelala."

Kosa lilikuwa vitunguu saumu. Nenita, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, ametoka Ilocos, kaskazini mwa Ufilipino, ambako vitunguu saumu hulimwa na kutiwa katika kila kitu isipokuwa chai. Zoria ni mji wa wajukuu wa Waukraini. Nao wanavipenda, lakini si vichwa sita kwenye sufuria moja.

"Nikajua kibarua kimeota nyasi."

Hakikuota. Meneja wake, Darlene Kowalchuk, alimpunguzia vitunguu akamwongezea zamu. Baadaye ndiye aliyemsimamia katika mpango wa mkoa: mwajiri anasema anamhitaji mfanyakazi huyu, mkoa unamteua, ndipo serikali kuu inafikiria kumpa ukaazi wa kudumu. Kwa mpishi wa dola kumi na saba kwa saa, asiye na shahada wala mjomba mkubwa, hapakuwa na mlango mwingine.

Mlango huo una sharti lake. Mwombaji aseme, tena kwa moyo mweupe, kwamba amekusudia kuishi mkoani humo.

"Afisa alinipigia simu," Nenita anakumbuka. "Akaanza, 'Ukipata ukaazi, utaishi...' nikamjibu ndiyo kabla hajamaliza. Hata angekuwa anauliza kama nitaishi juu ya paa, ningekuwa nimeshakubali."

Shida ni kwamba kuna wawili waliojibu hivyo hivyo kabla yake, muuguzi mmoja na fundi bomba mmoja. Mji uliwaokea keki, wakaila, na wiki haikwisha wakawa Toronto, mkoa mwingine kabisa. Kisheria hawana kosa, maana mwenye ukaazi huishi anapotaka. Lakini tangu hapo Zoria haioki keki mapema.

"Na wewe utakwenda tu," mzee Wasyl Sawchuk anamwambia anapoletewa uji. "Ukifika, unisalimie yale maghorofa."

"Kula kwanza, babu. Nikienda, nani atakutilia sukari uliyokatazwa?"

"Ndiyo maana nasema."

Barua ya ukaazi ilifika Septemba, ikiwa na majina matatu: la Nenita, la mumewe Wilfredo na la binti yao Jhoanna, ambaye mama yake hajamkumbatia tangu alipokuwa na miaka minane. Sasa amefikisha kumi na miwili na anavaa viatu vya mama. Wilfredo, kila akipiga simu, anauliza jambo moja tu: tiketi akate za kwenda wapi?

Anauliza kwa sababu mkewe, kama mtu yeyote anayependwa na pande mbili, ameziahidi zote mbili. Darlene ameambiwa Nenita anabaki. Marivic aliyeko Toronto, mtoto wa mama yake mdogo, ameambiwa familia inahamia huko Machi. Marivic amekwisha kuwatafutia vyumba, karibu na kanisa na karibu na duka linalouza samaki wa kwao.

"Huku ni mbali, nisiseme uongo," Nenita anasema, akifunika sufuria. "Baridi ikikaza, gari unalichomeka kwenye umeme usiku kucha, kama simu. Mwaka wa kwanza nikalichomoa nibane matumizi. Asubuhi limekuwa jiwe. Darlene akanifuata na trekta la mumewe, ana nguo za kulalia chini ya koti."

Na Toronto je?

"Toronto nani atanifuata na trekta?"

Basi anabaki?

"Sijaamua," anasema, akiitazama supu badala ya kumtazama aliyeuliza.

Jumamosi alasiri yuko nyuma ya nyumba aliyopanga, amepiga magoti, anazika punje za vitunguu saumu. Huku hupandwa Oktoba, kabla udongo haujaganda, zikalala chini ya theluji. Simu imeegemezwa kwenye ndoo, na ndani yake uso wa Marivic.

"Unachimba nini, dada?"

"Sichimbi. Nasafisha uwanja, mwenye nyumba asije akanisema nikihama."

"Kwa hiyo Machi ni Machi? Maana mwenye vyumba anataka jibu leo, na shemeji naye amenipigia kuuliza tiketi."

"Machi ni Machi," Nenita anajibu, akikandamiza punje nyingine kwa kidole gumba.

Mama Olga Hryniuk, jirani wa miaka themanini na moja ambaye hajapata kunong'ona maishani mwake, anainama juu ya uzio.

"Zizamishe, binti. Na uzifunike majani makavu, mengi. Ukizipanda juujuu hivyo, Julai utavuna nini?"

Uso wa Marivic unasogea karibu na kioo cha simu.

"Dada," Marivic anasema. "Julai ya wapi?"