Kitambaa Kinachochuja

Msusi alikipenda kile kitambaa cha kijani tangu siku ya kwanza, ila bei yake haikushikika. Basi akaanza kukisema vibaya. Kila kichwa alichokisuka saluni kiliondoka na habari moja: "Shoga, usikiguse. Kikiingia majini tu, rangi yote inachuja."

Umbea ukatembea, jora likadoda dukani, na mwenye duka akaliweka kwenye meza ya bei ya kutupa. Msusi akalibeba lote bila haya, akaenda kushona mapazia kwa cherehani ya mama mkwe.

Alipoyatundika tu, wifi yake akaingia, akashika kiuno.

"Pole, wifi. Kumbe na wewe wamekuingiza mkenge?"

"Ndiyo hivyo, wifi," Msusi akajibu kinyonge. Angesema nini?

Huu ni mwaka wa tatu, na mapazia bado yanang'aa. Majirani wakishangaa mbona hayajachuja, Msusi, mwanamke asiyevumilia hata vumbi la dirishani, huinamisha kichwa na kusema kwamba hajawahi kuyafua.