Konokono Aliyetoka Kwenye Firigisi

Juzi niliingia katika agroveti moja, duka la dawa na vyakula vya mifugo, pale Sagana kununua dawa ya panya, na kabla macho yangu hayajazoea kiza cha ndani, harufu ikanipokea. Ilikuwa harufu ya pumba na dagaa wa omena waliosagwa, na chini yake kitu kingine, kikavu, chenye chumvi, kama kucha zilizokatwa. Hicho ni chakula cha kuku wa mayai. Nilitoka bila dawa ya panya. Nimehama miji mingi ya upande huu, Nyeri, Nanyuki, Karatina, Murang'a, sasa Sagana, na kila mwenye nyumba akiniuliza mbona sikai mahali pamoja, humjibu kwamba ni kazi. Wewe msomaji sitakudanganya. Mara ya kwanza kabisa kuhama nilikuwa msichana wa shule ya msingi, na aliyetuhamisha alikuwa konokono.

Tulikuwa tunakaa Ruring'u, mjini Nyeri, katika vyumba vya mbao vya mama mmoja mzee tuliyemwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Baba yangu alikuwa mtu wa Vihiga, magharibi mwa nchi, mwalimu wa bayolojia katika shule ya upili, aliyepelekwa Nyeri na serikali akapapenda. Cucu naye alimpenda. "Mwarimu," alimwita, na hakupandisha kodi hata alipowapandishia wengine. Nyuma ya vyumba alikuwa na banda la kuku wa mayai. Mayai hayo ndiyo yaliyomsomesha mjukuu wake, na alikuwa hana kingine.

Julai hiyo jua halikuonekana. Ukungu ulishuka kutoka mlimani ukalala juu ya mabati hadi karibu saa sita, na banda likanyamaza. Aliyewahi kukaa jirani na kuku wa mayai anajua kwamba hawanyamazi; hunung'unika siku nzima kama watu kwenye foleni ya maji. Sasa walisimama wameinamisha vichwa, manyoya yametimka, na kila asubuhi Cucu alimtoa mmoja amekauka kama kuni. "Ni kideri, Cucu. Ni ugonjwa tu," Baba alisema. Cucu aliitikia, lakini nilimwona akitazama barabara, kama anayejiuliza ni nani aliyepita.

Jumamosi aliamua kumchinja mmoja aliyekuwa bado mzima kabla hajafa bure. "Kairitu, kuja, leta maji moto," akaniita kwa neno lao la msichana. Nilinyonyoa, yeye akapasua. Alipofika kwenye firigisi na kuifungua aoshe changarawe, kisu kikagonga kitu. Akakitoa kwa ncha ya kisu, akakiweka juu ya jani la mgomba.

Kilikuwa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, cheupe kuliko maziwa, kimejiviringa kikizunguka hadi kwenye ncha iliyovunjika. Juu ya mizunguko hiyo zilisimama mbavu nyembamba, moja baada ya nyingine, kama vipandio vya ngazi. Mdomo wake ulikuwa duara kamili, na ukingo mnene, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo. Kwangu kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Nilinyoosha mkono, Cucu akanipiga kofi vidoleni.

Wapangaji wakaja.

"Hiyo ni jino," alisema Mama Shiru, aliyeuza mboga na kuishi chumba cha mwisho.

"Jino ya nani?"

"Mimi najua? Muulize kuku."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Cucu hakucheka. "Nimefuga kuku tangu mzee wangu akufe," alisema, "na hiyo kitu sijawahi kuona. Kuna mtu ameleta. Hebu muite Mwarimu."

Baba alikuja na kioo chake cha kukuzia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu alifurahi. Afadhali angekunja uso. Alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akaguna kama mtu aliyekutana na mjomba wake sokoni. Alikuwa na msemo wake: kitu usichokijua hukutisha, kipe jina, kitalala miguuni pako kama mbwa. Akakibeba nyumbani ndani ya kiberiti.

Siku ile na asubuhi ya kesho yake hakutoka mezani. Aliazima kitabu kinene cha shule, akaniita nikae kando yake. "Mama," aliniambia, maana nilipewa jina la mama yake, Mmbone, "hatuanzi na jina. Tunaanza na maswali. Ana uti wa mgongo? Hana. Ganda moja au mawili? Moja, tena limejipinda. Basi ni konokono. Ni wa bustanini? Wa bustanini ganda lake ni laini, hili lina mbavu." Tukashuka hivyo, swali baada ya swali, kutoka kundi kubwa hadi dogo, hadi kwenye ukoo wa konokono ambao Wazungu waliwaita kwa jina la ngazi ya kuzunguka. Jenasi yake, alisoma kwa kutamka polepole, ni Epitonium. Kwenye spishi akakwama. Zipo nyingi zinazofanana, na baadhi hutofautishwa kwa mistari miembamba kama unywele inayopita kati ya mbavu. Changarawe za firigisi zilikuwa zimekwisha kuisaga, kama ilikuwepo. Jambo hilo lilimkera sana. "Nimemfikisha kwenye ploti yao," alisema, "lakini siwezi kusema analala chumba gani."

Jumapili baada ya kanisa, wanawake wakiwa uani wanakunywa chai, Baba akatoka na kiberiti.

"Cucu, usiogope tena. Hakuna uchawi hapa. Huyu ni konokono wa baharini."

Msomaji, kama ulikulia pwani hutaelewa kwa nini vikombe viliishia nusu ya njia kuelekea midomoni. Kwetu sisi wa milimani siku zile, bahari haikuwa maji. Wengi wa pale uani hawakuwa wameiona. Bahari ilikuwa mahali majini wanatoka. Tulilelewa kwa hadithi za wanawake warembo wenye kwato, za paka wanaosalimia watu, za mfanyabiashara aliyeshuka Mombasa maskini akarudi tajiri, na mtoto wake akafa mwezi uleule. Baba alikuwa amelitamka neno baya kuliko yote, tena anatabasamu.

"Bahari iko wapi na Nyeri iko wapi?" Mama Shiru aliuliza taratibu, akiweka kikombe chini. Kisha akauliza lile lingine. "Na wewe Mwarimu, jina yake umejuaje?"

Baba akaanza kueleza habari za kitabu. Hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Walikuwa wanatazama kiberiti mkononi mwake, na namna alivyokishika kwa upole.

Kesho yake alienda bandani na chekecheke ya Mama, akachekecha chakula cha kuku. Akapata vipande vyeupe, vingi, vya kila namna. Akampelekea Cucu kwenye sinia. "Ona, Cucu. Kiwandani wanasaga makombe ya bahari, wanachanganya na chakula, ndiyo ganda la yai liwe gumu. Huyu mmoja aliponyoka kinu, basi."

Ilikuwa kweli tupu. Cucu alilisukuma sinia mbali naye.

"Kwa hivyo mimi nimekuwa nikilisha kuku yangu vitu ya majini."

Alasiri hiyo alimwaga magunia yote chooni. Kuku waliobaki akawapa mahindi na majani ya sukuma wiki. Baba alimsihi asifanye hivyo, na ndivyo alivyozidi kufanya. Kwa siku kadhaa baadaye Baba hakula vizuri. Nilidhani ana homa. Alikuwa anasubiri, kwa sababu alijua kitakachokuja.

Kilikuja asubuhi moja ya ukungu. Cucu alisimama mlangoni petu ameshika jani la mgomba kwa mikono miwili, na juu yake lilikuwapo yai lisilo na ganda. Lilikuwa utando tu, tepetepe, lenye joto bado, na kiini kikitembea ndani kama jicho chini ya kope. Ndani ya banda yalikuwa mengine.

"Cucu, wamekosa chokaa tu," Baba alianza. "Kile chakula ulichomwaga..."

Mama alimshika shati kwa nyuma. "Baba Mmbone, nyamaza. Kila ukifungua mdomo unatuzika."

Hakuna aliyetutukana. Ningependa wangetukana. Wanawake wa kanisa walikuja mchana, wakashikana mikono uani, wakauelekea mlango wetu, wakaomba kwa sauti kubwa, na Mama Shiru alilia kwa ajili yetu. Rafiki zangu wakaitwa nyumbani kila nilipotoka kucheza. Mwishowe Cucu akaja peke yake, akakataa kiti.

"Mwarimu, wewe ni mtu mzuri, siwezi kukataa. Lakini hiyo kitu imeenda kwa mtu yenye inamjua. Niko na mtoto wa kusomesha. Tafuta nyumba."

Baba aliomba uhamisho, tukapelekwa Nanyuki. Siku ya kuondoka, Cucu alimpa Mama kuku aliyefungwa miguu, kwa sababu mgeni aliyekaa kwako vizuri hatoki mikono mitupu. Alikuwa analia. Mama alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Tulimchinja kuku huyo Jumapili yetu ya kwanza Nanyuki. Kwetu Vihiga firigisi ni ya baba wa nyumba, si ya mtoto wala ya mgeni, na mke asiyeiweka kwenye sahani ya mumewe amesema jambo zito kuliko tusi. Nilimshikia Mama beseni. Alipofika kwenye firigisi aliitia kiganjani, ikakaa pale ngumu kama ngumi ya mtoto, na kisu kikabaki hewani. Mama alikuwa mwanamke wa kanisa, aliyesoma hadi kidato cha nne, mke wa mwalimu wa bayolojia. Hakuifungua. Aliirusha juu ya ua kwa mbwa wa jirani, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena.

Sahani ilipofika mezani, Baba aligeuza vipande kwa kidole, kimoja kimoja. Akamtazama Mama. Mama alikuwa akiutazama ugali. Baba akachukua bawa, akasema mchuzi umekolea.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hakujali. Sasa nina umri mkubwa kuliko wake wa siku ile, nimefunga na kufungua virago mara nyingi, na ninakiona kidole kile kikigeuza nyama. Baba alikuwa mtu wa maswali. Maisha yake yote alishuka kwa maswali hadi akafika kwenye jibu. Mchana ule alikuwa na swali moja tu, firigisi iko wapi, na hakumuuliza mkewe, kwa sababu Mama angemjibu kweli.